Kama Tunaweza Kuchimba Tereisi, Tunaweza Kuchimba Njia za Baiskeli

Wasee, leo naandika kitu ambacho kitafanya nusu yenu mcheke na nusu nyingine mnitumie meseji za hasira. Sawa tu, nimezoea.

Nataka njia za baiskeli za milimani hapa Mitaboni. Siongelei lami. Siongelei ile laini nyeupe inachorwa kando ya barabara halafu matatu inaegeshwa juu yake. Naongelea njia ya udongo, upana wa hatua moja kubwa, inazunguka kilima, inapanda polepole, inashuka kwa kona, na mtu yeyote mwenye baiskeli yenye breki zinazoshika anaweza kuipita bila kuvunjika meno.

Na nataka tuichimbe sisi wenyewe. Tusingoje kaunti, tusingoje mwekezaji, tusingoje shirika lije na fulana za bure na banda la siku moja.

Kabla hujanitumia ile emoji ya kulia kwa kicheko, nipe dakika kumi.

Huu mchezo haukuanza na watu wenye pesa

Ukisema baiskeli ya mlimani, watu wanaona mzungu mwenye miwani ya rangi, baiskeli ya bei ya shamba, na gari kubwa ya kuibeba. Naelewa. Hao ndio tunaona wikendi wakitoka Nairobi, wanateremsha mashine zao, wanazunguka vilima vyetu, wanapiga picha, wanapakia, wanaenda. Soda hawanunui. Maji wamebeba.

Lakini mchezo wenyewe ulianza aje? Kalifornia, miaka ya 1970, upande wa pili wa daraja kutoka mji wa pwani wa San Francisco. Kuna mlima unaitwa Tamalpais. Vijana wa pale, wakina Gary Fisher, Joe Breeze na Charlie Kelly, walikuwa wanachukua baiskeli kuukuu za Schwinn, zingine zimetengenezwa miaka ya 1930 na 1940, chuma kizito, magurudumu manene, kitu ambacho mwenye akili timamu alikuwa ametupa. Wanazipandisha mlimani, halafu wanashindana kushuka.

Breki zao zilikuwa za kukanyaga pedali kinyumenyume. Ukishuka pale kwa spidi, grisi ndani ya habu ya nyuma inapata moto hadi inakuwa moshi, na ukifika chini lazima ufungue habu uipakie grisi upya. Ndiyo maana ile njia iliitwa Repack. Mashindano ya kwanza ya kupima saa yalikuwa Oktoba 1976. Mwaka uliofuata Joe Breeze akaunda fremu mpya kabisa kwa kazi hiyo. Miaka 20 baada ya Repack, mwaka 1996, mchezo ulikuwa Olimpiki, Atlanta.

Sasa niambie: chuma kizito kuukuu, magurudumu manene, breki za wasiwasi, vijana wasio na doh na kilima kiko hapo. Hiyo si blakimamba ya guka yako kweli? Si ni sisi?

Na usiniambie hiyo ni Marekani. Hapa Kenya, kule Kikuyu, David Kinjah amekuwa akifunza vijana baiskeli kwa miaka mingi kupitia Safari Simbaz. Mmoja wa watoto waliokuja kuendesha naye alikuwa Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi 1985. Yule kijana alijifunzia kwa njia za vumbi na vijiji vya Kikuyu, kwa baiskeli ya mlimani, na baadaye akashinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Sisemi ukipanda Iveti kwa baiskeli utashinda Tour. Nasema udongo wetu haujawahi kuwa shida.

Kenya njia ziko, lakini ziko kwa nani?

Tuangalie tulizonazo.

Karura, Nairobi. Msitu wa zaidi ya hekta 1,000 katikati ya jiji, na njia za baiskeli zenye alama ambapo unaweza hata kukodi baiskeli langoni. Leo watu wanapost Karura kama vile ilikuwa hivyo tangu uumbaji. Haikuwa. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa pale wakipinga msitu kugawiwa watu binafsi. Kwa miaka mingi ulikuwa mahali pa kuogopwa, ukiingia unajua unaweza kutoka bila viatu. Kilichobadilisha ni watu wa mitaa ya jirani kuungana na Huduma ya Misitu, KFS, kuweka uzio, kuajiri walinzi na kufungua njia.

Hell's Gate, Naivasha. Hifadhi tangu 1984, na ni moja ya chache ambapo unaruhusiwa kupita na baiskeli kando ya punda milia. Poa sana. Lakini piga hesabu ya nauli, ya lango, ya kukodi baiskeli, ya chakula. Mtoto wa Mitaboni anaenda mara moja, na shule.

Halafu kuna hii ambayo wengi wenu hamjui, na ndiyo inanipa moto: Bamburi, Mombasa. Pale kiwanda cha simiti kilikuwa kimechimba matumbawe hadi kikaacha mashimo meupe, jua linakuchoma kutoka juu na kutoka chini. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kampuni, akaanza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Baada ya miezi sita zilizobaki hai zilikuwa tatu. Mmoja ulikuwa mvinje. Majani ya mvinje yalikuwa hayaozi haraka, basi wakaleta majongoo. Ndiyo, majongoo, wale wadudu unaruka ukiwaona bafuni. Majongoo wakala majani, yakawa udongo, udongo ukabeba miti mingine. Leo sehemu moja ni Haller Park na sehemu nyingine ni Forest Trails, njia za kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli chini ya miti, dakika chache kutoka barabara ya Malindi.

Yaani watu waliendesha baiskeli ndani ya msitu ambao zamani ulikuwa shimo la mawe. Sisi tuna vilima ambavyo tayari vina miti, tuna baridi ya asubuhi, tuna Kituluni kule Kya Mwilu ambako watalii wanakuja kumwaga maji barabarani kuona kama yatapanda juu (ni macho yanadanganywa na mteremko, lakini TikTok haijali), halafu tunasema hatuna pa kuanzia.

Njia ya baiskeli ni hesabu ya maji

Hapa ndipo nataka usome polepole, kwa sababu ndiyo hoja yangu yote.

Watu wanafikiri kutengeneza njia ya baiskeli ni kuchukua jembe, kuondoa kichaka, na kushuka moja kwa moja hadi chini. Hiyo ndiyo njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Na wote tunajua njia ya ng'ombe inakuwa nini baada ya mvua tatu kubwa za Novemba: korongo. Maji yanapenda njia iliyonyooka. Yakipata mteremko yanakimbia, yakikimbia yanabeba udongo, yakibeba udongo yanachimba, na msimu ujao unahitaji ngazi kuvuka mahali ulikuwa unapita na gumboots.

Wajenzi wa njia duniani wamejifunza hili kwa uchungu. Kuna chama cha kimataifa cha waendesha baiskeli za milimani kinaitwa IMBA, kilianzishwa 1988 huko huko Kalifornia, baada ya waendeshaji kufungiwa njia nyingi kwa sababu watembea kwa miguu walikuwa wamewachoka na njia zilikuwa zinalaumiwa kuharibika. Somo la kwanza wanalofundisha ni rahisi: njia ikate kilima kwa ubavu, isishuke nacho. Mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa kilima. Kwa wastani usizidi asilimia 10, yaani ukienda mita 10 usipande au kushuka zaidi ya mita moja. Njia iinamishwe kidogo upande wa bonde ili maji yavuke badala ya kuifuata. Na kila baada ya umbali fulani iinuke kidogo, ili maji yakifika hapo yakose pa kuendelea na yatoke nje.

Sasa chukua hayo maneno yote, umpelekee susu yako jikoni umsomee. Atakuangalia tu. Atakuambia, "Na hiyo si ndiyo tereisi?"

Ndiyo, susu. Karibu kabisa.

Fanya juu. Hilo jina liko kwenye vitabu vya kilimo vya Kiingereza, vya Kifaransa, vya kila mahali, na ni Kiswahili, kwa sababu hii kazi ilipata sifa hapa kwetu Ukambani. Unapima mstari wa usawa ubavuni mwa kilima. Unachimba mtaro kwenye huo mstari. Udongo unautupa juu, si chini, unakuwa tuta. Unapanda nyasi juu ya tuta. Mvua ikija, maji yanasimama, udongo unajikusanya nyuma ya tuta, na baada ya misimu kadhaa shamba lililokuwa linateleza linakuwa kama ngazi. Kupima hutumii mashine. Ni kamba, vijiti viwili na kipima maji kidogo katikati.

Tofauti ni moja tu: tereisi inataka kushika maji, njia inataka kuyaachia. Lakini jicho ni lile lile. Na hivi ndivyo vitu viwili vinapendana: njia inayatoa maji, mtaro wa tereisi ulio chini unayapokea. Ukipanga vizuri, njia ya baiskeli inaweza kuwa inalisha mihindi ya mtu.

Kwa hivyo mtu akiniambia tunahitaji kuleta mtaalamu kutoka nje, namuuliza: mtaalamu wa nini? Wa kujua maji yanaenda wapi kilimani Machakos? Wewe umekaa wapi?

Tulishawahi kukataa, tukafanya zaidi

Kuna historia hapa hatufundishwi vizuri.

Wakoloni miaka ya 1930 waliangalia Machakos wakasema hii nchi inakufa, udongo wote unaenda na maji. Dawa yao? Kunyang'anya watu ng'ombe. Mwaka 1938 walichukua mifugo kwa nguvu, na maelfu ya Wakamba wakatembea hadi Nairobi kudai kuonana na gavana. Kiongozi alikuwa Muindi Mbingu. Wale mnaopitia Muindi Mbingu Street mkienda kununua simu, ndiye huyo. Alikamatwa, akapelekwa Lamu. Lakini serikali ilirudi nyuma.

Baadaye ikaja kazi ya lazima ya kuchimba mitaro, askari wa chifu amesimama hapo. Watu walichimba kwa sababu wangefanya nini. Uhuru ulipokuja, wengi waliacha. Hapo mtu wa ofisini angesema, mnaona, bila kiboko hawa hawafanyi kazi.

Halafu watu wakarudi kuchimba. Bila askari. Kwa mwethya, vikundi vya kusaidiana, leo shamba lako, kesho langu, na waliobeba kazi kubwa walikuwa wanawake. Mwaka 1994 watafiti watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, wakatoa kitabu kuhusu Machakos. Walichoonyesha kiliwashangaza watu wengi: kati ya miaka ya 1930 na 1990 idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara tano, na badala ya udongo kuisha, mmomonyoko ulipungua. Vilima ambavyo wakoloni walivizika vikiwa hai vikarudi kuwa mashamba.

Siwaambii hii ili tujipige kifua. Nawaambia kwa sababu inajibu swali la nani ajenge. Kazi ile ile, jembe lile lile, kilima kile kile. Ilipokuwa ya serikali watu waliikimbia. Ilipokuwa yao waliifanya bila kulipwa.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "tungoje kaunti ijenge park" nachoka. Unajua itaenda aje. Kutakuwa na jiwe la msingi, hema jeupe, viti vya plastiki, lango la chuma na ada. Baada ya mwaka mmoja utabaki na lango.

Anayeshika lango

Na hata lango likifanya kazi, swali halijaisha. Angalia Karura tena. Agosti 2025, KFS iliagiza malipo ya kuingia yapitie eCitizen. Friends of Karura, wale wa jamii waliokuwa wakiendesha msitu pamoja na KFS, wakasema makubaliano yao yanavunjwa, na maneno yakaishia mahakamani. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu eCitizen. Mimi somo nililochukua ni hili: unaweza kulinda mahali miaka mingi, na siku pesa inaanza kuonekana, ndipo utaulizwa wewe ni nani.

Basi sisi tuanze na karatasi. Kama sehemu ya njia itapita kwenye msitu wa serikali, sheria ya misitu ya 2016 inaruhusu jamii kuunda chama cha misitu na kuomba kushiriki usimamizi. Kama itapita kwenye ardhi ya watu, kila mwenye shamba aandikiwe makubaliano: inapita wapi, upana gani, nani anarekebisha tuta likivunjika, na akichoka inafungwa aje. Karatasi moja, sahihi mbili, mzee wa kijiji shahidi. Hiyo ni boring. Haitapata views. Lakini bila hiyo tutakuwa tumechimba kwa mikono yetu kitu ambacho mtu mwingine ataweka kufuli.

Sasa tupigane kidogo

Najua mtasema nini. Nitajibu yale yenye uzito.

*"Watu hawana maji na wewe unaleta mambo ya baiskeli."* Hii ndiyo kali, na sitaikwepa. Kiangazi kikikaza hapa, mamako na mamangu wanapanga mitungi kwa foleni. Kama ningekuwa naomba hata shilingi moja kutoka pesa ya maji, ningestahili matusi. Siombi. Naomba jumamosi asubuhi za vijana ambao saa hii, tukuwe wakweli, wako stejini wamekaa juu ya pikipiki isiyo yao, au wamelala na simu. Na nimeshaeleza: njia ikichimbwa vizuri inazuia korongo. Huu mradi ukiwa unaharibu maji badala ya kuyashika, mimi wa kwanza nitaufukia.

*"Boda zitaingia."* Zitaingia. Njia yoyote nzuri Kenya boda itaijaribu. Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kuweka nguzo za mti mwanzoni, nafasi ya baiskeli kupita lakini si pikipiki yenye mzigo. Ya pili ni kwamba watu wa boda wawe ndani ya mbogi ya kuchimba. Mtu haharibu kitu alichochimba na mgongo wake.

*"Na wazee wanaobeba kuni? Na watoto wa shule?"* Anayetembea ana haki kuliko anayeendesha. Mwisho. Kalifornia vijana walifungiwa njia kwa kukosa heshima hiyo. Anayeshuka anasimamia anayepanda, na wote wanasimamia mama mwenye mzigo, na unasalimia. Hii si sheria ya kigeni, ni malezi tu.

*"Wasichana hawawezi."* Huyu sitamjibu. Atajibiwa kilimani. Nitaongeza tu kwamba kilima hiki hiki kilichimbwa na wanawake, na kama tutapanga hii kitu iwe ya mabwana watano wenye kofia za helmeti, basi tumeharibu kabla ya kuanza. Baiskeli mbili za kwanza za kuazimana ziwe za saizi ya msichana wa kidato cha kwanza.

*"Wewe uliacha chuo, unatufundisha nini?"* Niliacha mwaka wa pili, karo ilikataa. Ni kweli, na ndiyo maana najua bei ya kila kitu. Baiskeli yangu ni ya mtumba, ex-UK, gia ya tatu inaruka hadi leo. Fundi wetu wa sokoni anaiweka sawa kwa bei ya chapati na chai. Fikiria huyo fundi akiwa na baiskeli 20 za kurekebisha kila wikendi badala ya tatu. Fikiria mama wa githeri pale njia inapoishia. Hao wageni wa Nairobi wenye maji yao, ukiwawekea mahali pa kupumzika, mtu wa kuwaongoza, na choo kisafi, watanunua. Hawajakataa kununua. Hakuna kitu cha kununua.

Kilomita tano

Kwa hivyo hii ndiyo rai yangu, na ni ndogo makusudi.

Kilomita tano. Mzunguko mmoja, unaanzia na kuishia karibu na soko ili hakuna mtu anapotea na kila mtu anaona. Tutembee kwanza, mara tatu au nne, na angalau mara moja mvua ikinyesha, kwa sababu kilima kikiwa kikavu kinakudanganya. Tutembee na susu wawili watatu ambao wamechimba tereisi maisha yao yote, na tuwaache waamue mstari. Tuweke vijiti na kamba. Tuongee na wenye mashamba kabla ya jembe la kwanza, si baada ya. Tuchimbe mita 200 tu, tungoje msimu mmoja wa mvua, tuone maji yamefanya nini. Palipovunjika, turekebishe. Halafu tuendelee.

Hakuna droni. Hakuna uzinduzi. Hakuna mheshimiwa wa kukata utepe. Mimi nitarekodi kwa simu, na nitarekodi zaidi mikono kuliko nyuso.

Najua sisi kizazi chetu tumefunzwa kwamba kitu kikubwa kinatoka mahali pengine. Park iko Naivasha, njia iko Karura, mashindano yako Ulaya, na kazi yetu ni kupost tukifika. Rwanda hawakungoja hivyo. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika, na dunia nzima ikaona vile vilima vyao vinaweza kumtoa mtu machozi. Vilima. Hicho tu ndicho walianza nacho, na sisi tunavyo.

Kuna kitu kingine kinanisumbua. Ardhi hapa inakatwa kila siku. Kila mwaka kuna mahali tulikuwa tunapita tukiwa watoto na sasa pana ukuta na mbwa. Njia ambayo haina jina, haina karatasi na haina mtu anayeitumia, inafungwa bila hata mtu kuuliza. Njia ambayo watu 50 wanapita kila wikendi, yenye alama, yenye makubaliano, ni ngumu zaidi kuiba. Labda hiyo ndiyo sababu yangu kubwa, kuliko mchezo wenyewe.

Wenye jembe, mjue siku ya kwanza ya kutembea kilima ni jumamosi ya kwanza baada ya mavuno, saa moja asubuhi, pale sokoni. Asiye na baiskeli aje. Asiyetaka baiskeli kabisa lakini anajua maji yanapita wapi, huyo aje mapema, tunamhitaji kuliko wote.